Kitabu Kisicholala Nyumbani

Nilipokuwa na miaka kumi, kitabu kilikuja kulala nyumbani kwetu Pasiansi, kikakaa wiki sita juu ya kabati la nguo la wazazi wangu, na ndani ya wiki hizo baba na mdogo wake wakaacha kula pamoja. Nayataja mambo haya kwa mpangilio niliouona mimi. Ukoo wetu una maelezo yake kuhusu mwaka ule, nami nina yangu, na sijawahi kuyasema nyumbani.

Baba alikuwa seremala. Karakana ilikuwa yake na ya baba mdogo Masanja, na ingawa baba mdogo alikuwa na nyumba yake hatua chache kutoka kwetu, mchana alikula kwetu. Mama aliweka sinia moja la ugali, ndugu wawili wakanawa, wakala huku wakibishana kuhusu mbao. Nilikua nikidhani wanaume wote duniani hula hivyo.

Mteja wao mmoja wa mjini alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, aliyekaa ghorofani juu ya duka lake la vitambaa. Watu wote walimwita Ba, neno ambalo kwa Kigujarati ni mama. Jumamosi baba alinichukua nimshikie ncha ya futi akipima rafu zake, na Ba alinipa karanga za sukari ili nisiguse kitu kingine. Nilikuwa mtoto wa kugusa.

Kwenye kona yake ya sala palikuwa na taa ndogo, udi, maua na kitabu chembamba ambacho kila asubuhi alikigusa kisha akagusa paji la uso. Siku moja nikamuuliza mbona anasalimia kitabu. Alicheka, akaniambia kile chembamba kimetoka ndani ya kikubwa. Kikubwa kilikuwa chini, stoo ya duka, majuzuu mawili mazito yaliyofungwa kwa kitambaa chekundu. Kilitungwa kwa Kisanskriti, lugha yao ya zamani sana, na hayo ya Ba yalikuwa tafsiri ya Kigujarati. Kilihusu watoto wa ukoo mmoja waliogombea ufalme. Nchi iligawanywa, haikutosha, wakaingia vitani, na vita ilipokwisha hakukuwa na wa kufurahia ushindi. Chembamba kilikuwa maneno ya Mungu kwa mpiganaji mmoja aliyeishiwa nguvu alipoona anaokwenda kuwapiga ni ndugu zake. Ba alisema kwao habari hiyo anaijua hata asiyejua kusoma, kama sisi tunavyojua habari za Nuhu. Watoto huiigiza hekaluni, wazazi huchukua majina humo, na watu wakigombana mzee mmoja lazima ataitaja.

"Sasa mbona kimoja kiko juu na kingine stoo?" nikauliza.

"Chembamba kinakaa na watu," alisema. "Kikubwa hakilali nyumbani. Kikilala, ndugu wa nyumba hiyo watagombana. Mama yangu aliniambia, na yeye aliambiwa na mama yake."

Baba, aliyekuwa amebana misumari mdomoni, alitabasamu. Yeye alikuwa mtu wa kanisani na hakuwa na nafasi ya imani nyingine, hata ya Kisukuma.

Mwaka ule, masika yalipoanza, Ba alimpangishia mtu mwingine ile stoo. Akamwomba baba, kwa kuwa angepita njia ya hekalu, akiache kikubwa kule. "Lakini fundi, kisilale kwako," alisema mara mbili. Baba akasema sawa, Ba. Tulipofika hekaluni tukakuta mlango umefungwa, mlinzi akatuambia mhudumu amesafiri, turudi Jumatatu. Baba alisimama na ule mzigo akaangalia mawingu. Karakana yetu ilikuwa inavuja, na baba alikuwa mtu wa kutunza sana kitu cha mteja, afadhali chake kilowe. Kwa hiyo akakileta pakavu kuliko pote alipopajua, juu ya kabati lake. Jumatatu ikaja na kazi ya milango ya shule, na kitabu kikasahauliwa na kila mtu isipokuwa mimi.

Wiki ya tatu ndipo habari ya Buhongwa ilipolipuka. Babu alikuwa amewaachia wanawe kiwanja kimoja huko na hakuwahi kuonyesha mpaka. Baba alikwenda peke yake akapanda mstari wa minyaa ya mpaka katikati, au mahali alipoona yeye ni katikati. Kwa Wasukuma, minyaa ikishika imeshika, hakuna haja ya karatasi. Baba mdogo alipoiona akaing'oa yote, akaja kuirundika mlangoni kwetu, utomvu bado unachuruzika.

"Kaka, ungeniita tu," alisema. "Ningekushikia kamba."

"Mimi ndiye mkubwa," baba akajibu.

Waliongea mengine, ila hayo mawili ndiyo yaliyobaki. Kuanzia kesho yake baba mdogo hakuja kula. Mama aliweka sinia lile lile, baba akala upande wake mmoja, na upande wa pili ugali ukapoa. Karakanani waligeuziana migongo. Nilimpenda sana baba mdogo, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, kwa sababu nilijua vita ile inaishaje. Ba alikuwa ameniambia.

Jumamosi moja asubuhi, mama akiwa sokoni na baba akiwa Buhongwa, nilipanda kiti, nikashusha majuzuu yale, nikajitwika na kuanza kutembea kwenda mjini. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa mtu mzima asiye na mzigo. Nilipumzika mara nyingi na sikukiweka chini hata mara moja. Nilikipakata, maana niliogopa kukikosea adabu kikaniongezea balaa.

Ba alinipokea mzigo, akanipa maji, akanifuta shingo kwa ncha ya sari yake. Nilimweleza yote nikilia. Aliuliza kimelala siku ngapi, nikamwambia wiki sita. Ndipo akasema maneno ambayo sikuyaelewa siku ile.

"Marehemu mume wangu na kaka yake hawakusemeshana miaka kumi na minane. Kaka yake alifia Kampala na sisi hatukwenda msibani. Na kitabu hiki hakikupanda ngazi hii hata siku moja. Mimi mwenyewe nilihakikisha."

Kisha akapiga simu. Namba ya karakana aliyokuwa nayo ilikuwa ya baba mdogo, kwa hiyo aliyekuja kunichukua kwa baiskeli alikuwa yeye. Njiani nilimweleza habari ya kitabu, onyo la Ba na kabati. "Nimeshakiondoa," nikamwambia mgongoni. "Unaweza kurudi kula." Akazidi kukanyaga pedali mpaka nyumbani.

Uani mama alikuwa amenitafuta hadi ameishiwa sauti, na baba ndiyo kwanza amefika. Baba mdogo akanishusha.

"Kaka," alisema, "kumbe ni kile kitabu."

Baba alimwangalia, akaniangalia mimi na vumbi langu. "Ba alinionya," akasema. "Kosa langu."

Sikuwahi kumsikia baba akisema maneno hayo, na sikumsikia tena. Hakusema ni kosa gani, na baba mdogo hakuuliza. Mama alileta sinia, wakanawa. Wiki iliyofuata walikwenda Buhongwa wote wawili na minyaa mingine, mmoja akashika kamba huku na mwingine kule.

Nimekuja kusoma tafsiri ya kitabu kile nikiwa mtu mzima, chote, na hakuna ninalolijua kwa uhakika zaidi ya hili: hakikumgombanisha mtu Pasiansi. Baba alikosea na baba mdogo alikuwa na hasira. Lakini hakuna kati yao ambaye angeweza kuvuka ua na kusema hivyo. Kitabu kilibeba lawama ya wote wawili, na ukilinganisha na mizigo yake mingine hiyo ilikuwa nyepesi. Ile nakala yangu, hata hivyo, iko ofisini. Nina watoto wawili wa kiume.

Baba alifariki miaka minne iliyopita, na aliyemshikilia mkono hospitalini ni mdogo wake. Krismasi iliyopita baba mdogo, sasa mzee, aliniita nikae naye tunawe.

"Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, kama alivyoniita tangu utotoni, "yule bibi alisemaje siku ile ulipomrudishia kitabu chake?"

Nilitazama ugali kwanza.

"Alisema tulifanya vizuri kukiondoa."

"Si unaona," akasema, akalisogeza sinia katikati yetu.