Nilitengeneza mashada ya Halloween ya mlangoni hapa Lubumbashi, majirani wakanijia wakisema mimi ni mchawi

Wakuu, salamu kutoka huku kwenye joto la Katanga.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeamua kuandika. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na sitaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu.

Kiswahili changu ni cha Kongo, kwa hiyo nikiteleza msinirukie.

Mimi nimezaliwa Kivu Kaskazini. Goma nilikuwa na kibanda cha mashada ya maua. Harusi, misiba, upadirisho, vyote nilivipamba mimi. Mume wangu alikuwa anasafirisha bidhaa za jumla kwa lori. Hatukuwa matajiri, ila tulikuwa tunalala tukiwa tumeshiba.

Vita vilipoingia mjini kila kitu kilianguka ndani ya wiki moja. Benki zikafungwa. Shule zikafungwa. Kibanda changu kilivunjwa, wakabeba mpaka ndoo zenye maua yaliyonyauka. Hadi leo najiuliza mtu anaiba maua yaliyonyauka ya nini.

Mume wangu alikuwa safarini upande wa Butembo. Barabara ikakatika. Yeye hawezi kuja, sisi hatuwezi kumfuata. Simu ikaingia mara moja tu, akaniambia, "Mama Gloire, toka na mtoto. Usiningoje."

Nikatoka na binti yangu Gloire, ana miaka kumi na minne, na mabegi mawili.

Tulipita Rwanda, tukaingia Tanzania, tukashuka mpaka Tunduma. Pale tulikwama siku tisa. Dada mmoja wa mgahawa alitupa pa kulala jikoni kwake na hakutuuliza maswali. Ndiye aliyenionyesha hili jukwaa, akasema, "Soma humu, utapunguza mawazo." Dada, kama unapita hapa, Mungu akuongezee.

Kisha Zambia, Kasumbalesa, hatimaye Lubumbashi.

Kwa nini Lubumbashi? Binamu wa mume wangu anachimba madini Kambove. Yeye ndiye aliyetutafutia chumba mtaa wa Bel-Air, kwenye komine, yaani manispaa, ya Kampemba, halafu akarudi shimoni kwake.

Parcelle yetu, yaani kiwanja na ua wake, ina nyumba kubwa mbele, anakaa mwenye nyumba, Maman Régine, mjane, mtu wa maombi sana, pamoja na mjukuu wake wa miaka mitatu. Nyuma kuna vyumba viwili. Kimoja chetu. Kingine cha Maman Bijou, fundi cherehani, wazazi wake walitoka Kasai lakini yeye amezaliwa hapa hapa.

Maman Bijou si mtu wa maneno mengi. Miezi miwili ya kwanza alikuwa ananiambia "jambo" asubuhi na "bonne nuit" usiku, basi. Nilidhani hanipendi.

Sasa tuje kwenye mashada.

Nilianza kwa kile ninachokijua. Nikatengeneza mashada matatu ya mazishi, nikayapanga kwenye kiti kando ya barabara, karibu na soko. Siku ya nne ikasimama gari, akashuka mama mmoja Mzungu kutoka Afrika Kusini. Mume wake ni injinia mgodini. Nitamwita Madame Karin.

Kifaransa chake kilikuwa kibovu kuliko Kiswahili changu hiki. Akatoa simu, akanionyesha picha: shada limetundikwa mlangoni, lakini badala ya maua kuna fuvu, buibui, popo na boga lenye macho.

Mimi nikashika msalaba wangu shingoni.

Akacheka, akanieleza taratibu. Kumbe ni sikukuu yao, mwisho wa mwezi wa kumi. Watoto wanavaa nguo za kutisha, wanagonga milango ya majirani, wanapewa pipi. Wanaiita Halloween. Hamna kuabudu kitu, ni kutishana na kucheka.

Nikamwambia nitajaribu.

Shada la kwanza nililompelekea lilikuwa aibu, wakuu. Mikono yangu imezoea misiba. Niliweka utepe wa zambarau na maua meupe, fuvu likakaa katikati kwa heshima kama marehemu. Madame Karin aliliangalia sana, akasema, "Mama, hili linanifanya nilie. Mimi nataka watoto wacheke."

Nikarudi nyumbani nikafikiria upya.

Kwa wanaopenda kazi za mikono, nilifanya hivi. Duara nilisuka kwa vijiti vibichi, nikavifunga kwa nyaya nyembamba za shaba nilizookota kwa fundi umeme. Maganda ya mahindi niliyapaka masizi ya makaa yaliyochanganywa na gundi, yakawa mbawa za popo. Barabara za huku zimejaa jacaranda, na maganda yake makavu yakifunguka yanafanana na mdomo. Ukipaka rangi nyekundu ndani, unapata mdomo unaocheka. Buibui ni waya na vifungo vya nguo, Gloire alivipata kwenye takataka za Maman Bijou. Mafuvu ni magazeti ya zamani yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa mahindi, huu huu wa ugali ambao huku wanauita bukari, unayafinyanga juu ya chupa, yakikauka unapaka chokaa.

Fuvu langu la pili lilikuwa na meno mawili tu na kofia ya majani, limekaa kama mzee amesikia utani.

Madame Karin alicheka mpaka akaegemea gari. Akaagiza kumi na mbili, kwa ajili ya milango ya rafiki zake wote.

Mimi na Gloire tukafanya kazi kama wendawazimu. Na niseme ukweli, zile ndizo zilikuwa siku za kwanza tangu Goma ambazo nilimsikia mwanangu akiimba. Alikuwa anayapa mafuvu majina ya walimu wake wa zamani.

Hapa ndipo nilipokosea. Sikumwambia mtu yeyote pale nyumbani ninachotengeneza. Tulikuwa tunafanyia chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu niliona aibu. Mgeni, mkimbizi, halafu anatengeneza mafuvu. Nikasema nitamaliza kimya kimya.

Siku moja kabla ya kupeleka mzigo, gundi ikagoma kukauka. Mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yameanza kukusanyika, hewa nzito. Saa tisa mchana nikatoa mashada yote kumi na mawili, nikayatundika kwenye kamba ya nguo uani.

Ambacho sikukijua ni kwamba mjukuu wa Maman Régine alikuwa na homa siku ya tatu. Alikuwa amefungiwa ndani, wanamwombea.

Akaingia mama mmoja jirani kuchota maji. Akaona vichwa kumi na viwili vinaning'inia vinacheka. Ndoo ikamdondoka.

"Bulozi! Bulozi iko mu parcelle!" Bulozi kwa huku ni uchawi.

Wakuu, sijui watu walitoka wapi. Dakika chache tu geti limejaa. Kila mtu anatazama kamba, kisha ananitazama mimi. Mtu akasema kwa sauti, "Njo maana mutoto iko mugonjwa!" Baada ya hapo sikusikia tena neno moja moja. Ilikuwa kelele tu.

Maman Régine akatoka ndani macho mekundu, hajalala siku tatu.

"Mama Gloire, nilikupokea mu nyumba yangu," akasema. "Mutoto yangu amekufanyia nini?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema Halloween, nilisema sikukuu, nilisema Wazungu. Kadiri nilivyosema ndivyo ilivyozidi kuharibika. Mwanaume mmoja akaokota nusu tofali. Gloire alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chetu, mikono ameibana kifuani, hatetemeki wala halii. Ile ndiyo iliniumiza zaidi. Mtoto ameshajifunza kusimama hivyo.

Ndipo mashine ya cherehani ikanyamaza.

Maman Bijou akatoka na futi yake shingoni. Akapita katikati ya watu bila kusukuma mtu, akaenda moja kwa moja kwenye kamba, akashusha shada moja. Akaligeuza, akalitazama. Halafu akashika lile fuvu kwa mikono miwili akalivunja kama mkate.

Watu wakarudi nyuma. Mwingine akapiga ishara ya msalaba.

Maman Bijou akaingiza vidole ndani ya fuvu, akavuta kipande cha gazeti, akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti:

"'Parcelle à vendre, papiers en ordre.'"

Tangazo la kuuza kiwanja.

"Ile kichwa iko nauzisha parcelle," akasema. "Nani anataka kununua?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Maman Bijou akavunja kipande kingine, akakinusa, akampa yule mama wa ndoo. "Nusa. Ni bunga ya bukari. Weye mwenyewe unapikaka kila siku. Ni mulozi gani anaroga bantu na bukari?"

Sasa wakacheka watu watatu, wanne. Lakini yule mwenye tofali hakulitupa.

Maman Bijou akaenda kuketi kwenye kizingiti cha mlango wetu, mbele ya Gloire. Akaongea polepole, na ile ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema maneno mengi.

"Miye nilikuwa na myaka kumi wakati walikuya ku mulango ya baba yangu. Walisema Bakasai murudie kwenu. Kwetu ni wapi? Miye nimezaliwa hapa. Majirani walikuwa wanatuangalia tu. Tulipandishwa train, na mudogo yangu alikufia mu njia. Hata mutu moya hakuikala ku mulango yetu." Akapigapiga kile kizingiti kwa kiganja. "Leo miye ninaikala. Yule anataka kuingia, apite juu yangu."

Mwenye tofali alikuwa mtu mzima, umri wa kuikumbuka ile miaka Wakasai walipofukuzwa Katanga. Akalitua chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akaondoka, na wengine wakaanza kumfuata.

Tukabaki wanne uani. Maman Régine alikuwa analia.

Nikamuuliza, "Maman, mtoto amepimwa?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa amengoja maombi yafanye kazi.

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nimeomba sana. Nikamwambia tu, "Twende tukapime, maombi tutaendelea nayo njiani." Maman Bijou akambeba mtoto mgongoni, tukaenda kituo cha afya kwa miguu, wote wanne. Ilikuwa malaria kali. Muuguzi alisema tungechelewa mpaka kesho yake, asingetuahidi kitu.

Mtoto alipona, wakuu. Asifiwe Mungu, na wasifiwe wauguzi.

Kesho yake asubuhi, homa ya mtoto ikiwa imeanza kushuka, nilikuwa na mashada kumi na moja. Nikajiandaa kwenda kumwomba radhi Madame Karin. Mlango ukagongwa. Ni Maman Régine, ameshika kile kisahani nilichokuwa nakorogea uji wa gazeti.

"Nionyeshe," akasema. "Miye njo nilileta ile kelele. Miye njo nitatengeneza."

Tulilifinyanga fuvu la kumi na mbili pamoja, tukalikausha juu ya jiko la makaa. Lilitoka na taya limepinda, baya kuliko yote. Madame Karin alilichagua liwe la mlangoni kwake mwenyewe, hata sijamweleza chochote.

Nilipomweleza, alishtuka sana. Alikuja Bel-Air mwenyewe kutuomba msamaha, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akala bukari na sombe, yaani kisamvu, kwa mkono. Alikula vibaya, mchuzi mpaka kiwiko, lakini alikula.

Sasa hivi tuko watatu. Mimi nasuka duara, Maman Bijou anashona tepe, Maman Régine amejichagulia kuuza, maana mdomo anao. Mwezi wa kumi na moja tulitengeneza ya makaburini kwa ajili ya sikukuu ya marehemu, mwezi wa kumi na mbili ya Krismasi. Kila kitu kinafanyika uani, mlango wazi, anayetaka kutazama anatazama. Yule mama wa ndoo huja kutupa maganda ya mahindi.

Mume wangu yuko hai. Tunaongea mtandao ukikubali. Vita havijaisha, na kuna siku naamka nikiwa nimesahau niko mji gani. Siandiki hapa kusema mambo yote yamekuwa mazuri.

Ila nimejifunza haya. Ukiwa mgeni, usifanye kazi yako kwa kujificha. Watu wasipojua unachofanya, hofu yao itawaambia. Waite waone, hata kama watakucheka. Na mtoto akichemka, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike. Niliwahi kumuuliza Maman Bijou kwa nini alihatarisha maisha kwa mtu ambaye hata hakuwa anazungumza naye. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Kwa sababu nilijua namna ya kufanya," akasema. "Ni myaka mingi nimekuwa nikiwaza ile mutu hakukuya, kama angekuya, angefanyaka nini ku mulango yetu."

Asante sana Maman Bijou. Husomi jukwaa hili, lakini nitakutafsiria kila neno watakaloandika hapa.

Karibuni wakuu, mwenye swali la mashada aulize, nitamwelekeza bure. Na wewe uliyewahi kusimamiwa na mtu siku ambayo wote walikugeuka, tuandikie habari zake hapa chini tumjue na sisi.