Bi Yusra, Asiyesamehe Herufi

Bi Yusra binti Shaame aliiona Ramadhani ikizunguka majira yote, ikatoka kiangazini, ikapita vuli, kipupwe na masika, ikarudi ilikoanzia. Na katika mzunguko wote huo hakuna "dh" iliyoandikwa "z" mbele ya macho yake ikasalimika. Alisomesha Kiarabu mpaka akastaafu. Alisahihisha madaftari ya wanafunzi, kadi za harusi alizoalikwa, na kibao cha muuza viungo wa Darajani, ambaye alimshukuru kwa adabu, kisha akakipandisha kibao mahali mkono wa Bi Yusra usipofika.

Alipostaafu, jumuiya moja ya mahujaji yenye ofisi Mkunazini ilimkabidhi seva pepe yake, yaani kompyuta isiyo na mwili, iliyokodishwa ndani ya mashine kubwa zilizoko nchi ya mbali. Wenzake walidhani itamshinda. Haikumshinda. Mtu aliyeishi akiiamini ghaibu hakuona tabu kutunza mashine asiyoiona. Amri zake alizihifadhi kama alivyohifadhi sarufi, kwa kuandika na kurudia. Ndani ya seva hiyo mlikuwamo hifadhidata, ghala la majina ya mahujaji na nambari za paspoti zao.

Siku ya mwisho ya kupeleka majina kwa wasimamizi wa Hija, kampuni iliyokodisha seva iliizima kwa matengenezo, ikaiwasha upya. Seva iliamka. Hifadhidata haikuamka.

Bi Mwanakheri, mkulima wa mwani wa Uroa, alikuwa ameketi ofisini tangu mapema kuhakikisha jina lake linakwenda. Mwaka uliopita maradhi yalimwachisha safari. Majina yasipofika kabla ya adhuhuri, nafasi hupewa wengine.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri," alisema Bi Yusra.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine inaumwa?"

"Imelala tu."

"Basi iamshe. Magoti yangu hayana mwaka mwengine."

Bi Yusra aliiamuru hifadhidata iwake. Ikakataa. Akafungua kumbukumbu ya hitilafu, akaisoma mstari kwa mstari kama asomaye hati ya kale. Ilisema kwamba folda iitwayo "hifadhi" haipo. Akaenda kuitazama folda yenyewe. Ilikuwapo, imetulia mahali pake, nayo iliitwa "hifazi".

Wakil, fundi aliyeisimika seva ile kabla ya kuhamia Maskati, alikuwa ameandika kama alivyotamka. Bi Yusra alipolikuta neno lile katika faili la mipangilio, lile linaloionyesha hifadhidata folda yake, baada ya Idi iliyopita, alikuwa amelisahihisha. Hifadhidata haikulalamika, kwa kuwa faili lile hulisoma pale tu inapowashwa, na tangu hapo haikuwahi kuzimwa.

"Jecha," alimwita katibu wa jumuiya.

"Naam."

"Nshaiona hitilafu. Nlisahihisha neno."

Jecha akashusha pumzi. "Hata mashine, Bi Yusra?"

"Lilikuwa kosa."

"Kosa lilikuwa linafanya kazi."

Bi Yusra alifikiri kuibadilisha jina folda yenyewe, haki isimame. Lakini na programu ya kuweka nakala za akiba iliijua kwa jina lile lile bovu, na kuzunguka kote kungeila asubuhi nzima. Akalirudia faili la mipangilio, akaweka kidole juu ya "z". Akasema, "Astaghfirullah," akabonyeza.

Hifadhidata ikaamka. Alipojaribu kuingia, ikamkatalia: mtumiaji "radhia" hatambulikani.

"Na huyu?" akauliza Jecha.

"Huyu naye nlimsahihisha."

"Wakil kamwita Razia?"

"Kamwita Razia."

"Basi mwache awe Razia, bibi, angaa mpaka adhuhuri."

Bi Mwanakheri akainua uso. "Huyo Razia naye anakwenda Hija?"

"La, Bi Mwanakheri. Yeye anafungua mlango tu."

Akamrudisha Razia, na mlango ukafunguka. Majina yakajipanga kwenye skrini. Jecha akanyoosha mkono ayatume. Bi Yusra akaushika mkono ule, kwa maana alikuwa ameukumbuka wake mwenyewe, usioacha kosa.

"Bi Mwanakheri, nipe paspoti yako."

Paspoti ilisema "Mwanaheri", kama karani mmoja alivyolisikia jina. Skrini ilisema "Mwanakheri", na "kh" yake kamili. Jina lisilolingana na paspoti hurudishwa, na mwenyewe hubaki.

"Hawakukuandika sawa humu," akasema Bi Yusra.

"Najua. Nani kawahi kuniandika sawa isipokuwa wewe?"

Bi Yusra akaigeukia skrini. Aliifuta "k", akatazama kilichobaki, akakiacha. Kisha Jecha akamsomea paspoti za wengine, naye akiyafuata majina kwenye skrini. Kila alipokuta amesahihisha, alikosesha. Yakatumwa kabla ya muadhini kupanda. Jibu likaja kwamba yote yamepokewa.

Bi Mwanakheri akashika ukingo wa meza, akainuka goti moja baada ya jingine, akaenda kutawadha.

Mwenyezi Mungu amtakabalie Hija yake, vyovyote jina lake lilivyoandikwa, na ayatie nguvu magoti yale hata amalize kutufu na kusai, ile mizunguko na miendo ya Hija. Amlipe Bi Yusra kila la kheri, amrehemu Shaame baba yake aliyemshika mkono katika alifu ya kwanza, awahifadhi wanawe na jamaa zake wote, wa mjini na wa shamba. Amin.