Siku Nilipomlilia Onorabule Akiwa Mzima

Afadhali niiseme aibu yangu mwenyewe, kabla hamjaisikia sokoni, mjini Baraka, ikiwa imeongezwa chumvi: mimi Mama Wabiwa, mjane, niliyesoma mpaka darasa la nne tu, nilimlilia mtu ambaye hajafa. Nilimlilia kwenye mikro, mbele ya kijiji kizima, na mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wangu, simu sikioni.

Mtu huyo ni mbunge wetu wa jimbo, yule anayetusemea kwenye bunge la jimbo, kule Bukavu. Sisi tunamwita onorabule.

Ili mnielewe, lazima niwaambie kwanza habari za mume wangu. Baba Wabiwa alikuwa mwashi. Kijiji chetu kiko kando ya njia ya Lusenda, na kati yetu na hospitali ya Baraka kuna mto ambao ukijaa hauvukwi, wala na pikipiki wala na machela, na tumeshazika bamama wawili waliokuwa na uchungu wa kuzaa kwa sababu ya maji hayo. Basi tukaamua kujenga maternite yetu, nyumba ya kuzalia. Watu walichoma matofali, wanawake wakabeba mchanga, na Baba Wabiwa akapandisha kuta bila kudai kitu, ila bukari, ugali wetu, na ndakala, dagaa wa ziwani, saa sita (na ndakala zikiwa chache alinuna, siwezi kumsifia uongo). Kuta zilinyooka kama kamba iliyovutwa. Onorabule alikuja, akazipiga kofi, akasema, "Papa, kazi ni ya kwako, mabati ni ya kwangu. Iko njiani."

Misimu miwili ya mvua ilipita, mabati yangali njiani. Mume wangu akaugua, akafa kuta zake zikiwa zinatazama mbingu.

Lakini haki ni haki: onorabule alikuja kwenye matanga. Hakukaa kwenye kiti. Alivua viatu, akakaa na sisi chini kwenye mkeka mpaka jua likaenda kuzama, chini ya hema lake la bluu, lile alilotuachia baada ya kampeni, na ambalo tangu siku hiyo lilikuwa na kazi moja tu kijijini: matanga. Ukiona hema la bluu limesimama, ujue kuna mtu amekwenda. Na kwetu machozi ni kitu cha kurudishana. Aliyekaa nawe kwenye mkeka, siku ya zamu yake hufiki na macho makavu, wala husimami njiani kuuliza "nani amekufa?" kama mpita njia. Unaanza kulia ukiwa bado mbali, wafiwa wasikie kwamba unakuja.

Basi mwezi wa nane wa kuvaa nguo nyeusi, nilikwenda Misisi kwa kaka yangu, kwenye machimbo ya dhahabu, nikakaa wiki mbili. Kabla sijaondoka redio ilikuwa imesema onorabule amelazwa Bukavu. Kule Misisi mtu mmoja akasema hali yake si nzuri. Nikaliweka neno hilo moyoni, sikuuliza zaidi, kwa sababu tangu nifiwe mimi si mtu wa maneno mengi.

Siku ya kurudi, yule kijana wa pikipiki alitaka kunipasha habari za kijiji. "Mama, kwenu leo iko..." Nikamkata: "Mutoto wangu, angalia njia." (Hapo ndipo nilipoharibu. Neno moja lilikuwa linakuja kuniokoa, nikalifukuza.) Mtoni akanishusha, nikavuka kwa miguu na kikapu changu kichwani, nikapanda kile kilima kidogo, na nikaliona.

Hema la bluu, katikati ya uwanja wa mpira.

Chini yake viti vya plastiki vimejaa watu. Nyuma, moshi wa vyungu vikubwa, na mbuzi mmoja amefungwa akingoja kuwafuata wenzake waliokwisha kutangulia. Kwaya ya kanisa imesimama na nguo nyeupe, inaimba wimbo wa polepole. Mbele kuna meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake picha kubwa ya onorabule, imezungushiwa maua ya plastiki. Na pembeni ya picha, kiti chake, kitupu.

Ninyi mngefanya nini? Mngeuliza? Mimi sikuuliza. Nilitua kikapu, nikafungua kilemba, nikaweka mikono kichwani, nikaanza.

"Yoooo! Yoooo, onorabule! Umeenda!"

Nilipita katikati ya viti na watu wakanipisha, kwa sababu mjane aliyevaa nyeusi akilia hakuna anayemzuia. Bamama wawili waliokuwa wamechelewa, waliokaa nyuma kabisa, waliposikia kilio wakadhani kuna lililotokea, wakapokea: "Yoooo!" Wa tatu akapokea. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Vijana wa pikipiki barabarani wakaanza kupiga honi kama wanavyofanya nyuma ya jeneza. Mimi, niliposikia vile, ndiyo nikapata nguvu, nikaanguka mbele ya meza, nikaikumbatia picha na maua yake yote. Mikro ilikuwa imelazwa pale pale mezani, haijazimwa. Maneno yangu yakatoka kwenye vile vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu ya mti, yakafika mpaka kwenye pirogi za wavuvi ziwani.

Nami sikumlilia kwa maneno ya kukopa. Kwetu maiti haipambwi uongo. Unamwambia yaliyobaki kati yenu, ndipo unamwachia aende.

"Weye wenye ulikaa na mi kwenye mukeka! Umetuacha na nani? Na ile maternite, nani ataifunika? Bwana yangu alipandisha ukuta na mikono yake, ukasema mabati iko njiani. Mabati gani inatembea miaka mbili na haifike? Mvua inakula kazi ya bwana yangu! Mutoto wangu Wabiwa iko na tumbo ya miezi munane, atazalia wapi, mu maji? Sasa kule kwenye unaenda utamukuta Baba Wabiwa. Atakuuliza. Umwambie ukweli, onorabule, kwa sababu huku haukutuambia!"

Nikasikia mbuzi analia. Halafu nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu, nikageuka na uso wangu wenye machozi na kamasi, na aliyesimama pale, na koti lake, na simu yake, ni marehemu.

(Alikuwa ameenda nyuma ya shule kupokea simu. Ndiyo maana ya kiti kitupu. Na picha ilikuwa mapambo ya vijana wake.)

Sitaficha nilichofanya. Nilipiga ukelele "Kimbieni!", nikashika kitambaa cha meza ili nisimame, kitambaa kikaja chote, na picha, na chupa za maji, na karatasi zake, nami nikarudi chini na maua ya plastiki shingoni.

"Mama," onorabule akasema, "niko muzima. Ilikuwa malaria tu."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Jirani yangu Mama Nyota, kiongozi wa wanawake wa kijiji, alikuja kuninyanyua huku naye machozi ya kucheka yanamtoka, akaninong'oneza, "Mama Wabiwa, hii ni mukutano. Amekuja kutuelezea mambo ya bajeti." Nilitamani ardhi inifunike, na mume wangu anisogezee nafasi kidogo.

Lakini onorabule hakucheka. Aliinama, akaokota karatasi zake, zimelowa maji. Baadaye niliambiwa zilikuwa na mambo mazuri: kisima cha shule, madawati, barabara iliyosawazishwa. Habari ya maternite ilikuwa mstari mmoja, "kazi inaendelea." Alizitazama kidogo, akazikunja, akazitia mfukoni. Akachukua mikro.

"Mama ameniuliza swali yenye nilikuwa naogopa kuisikia nikiwa muzima," akasema. "Basi nijibu kabla sijaenda kwa Baba Wabiwa."

Akatueleza bila maneno makubwa. Kule Bukavu, wabunge na serikali ya jimbo waligombana juu ya bajeti. Serikali iliileta imechelewa, wabunge wakaikataa, ikarudi imebadilishwa. Ile ya kwanza ilikuwa na mabati yetu. Ile ya pili haikuwa nayo. "Niliona yameondolewa," akasema. "Walituambia tukikataa tena, hakuna kitu itatoka kwa mutu yeyote. Nikainua mukono na wengine. Nikarudi huku nikawaambia iko njiani. Haikuwa njiani."

Watu wakaguna. Papa Alimasi, mvuvi mzee asiyemwogopa mtu, akasimama, akasema, "Kumbe mama hakukosea matanga. Alikosea tu maiti! Mabati ndiyo ilikufa, na ilikufia Bukavu!" Kicheko kikarudi, lakini safari hii kilikuwa na meno.

Hapo Mama Nyota akamwambia onorabule, "Tunaomba hii hema. Leo. Ifunike ukuta mpaka mabati ikuje."

"Na matanga, bamama? Mutakaa wapi?"

"Tutalia kwenye jua," Mama Nyota akajibu. "Wafu hawalowe. Batoto banalowa."

Onorabule alitazama juu, kwenye lile hema lenye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, akakubali. Basi mkutano ukageuka kazi. Wanaume waling'oa nguzo, wakalibeba hema limetandazwa juu ya vichwa vyao, kwaya ikafuata na wimbo wa haraka sasa, wanawake wanapiga vigelegele, na onorabule mwenyewe amevua koti ameshika pembe moja. Mimi nilitembea nyuma kabisa, nimejifunika uso na kilemba. Lakini nilipofika nikaona bluu ile imekaa juu ya kuta za Baba Wabiwa, imefungwa kila upande, na Papa Alimasi anapiga ukuta kofi na kusema, "Muone mustari huu! Hata mvua imeshindwa kuupindisha," nilifunua uso. Aibu ilikuwa yangu peke yangu, ila fahari ile ilinizidi, na sikuwa nimesikia kitu kama hicho kifuani kwangu tangu tumzike.

Wabiwa alizaa mle ndani, mwezi uliofuata, mvua ikipiga juu na yeye mkavu. Mabati yalifika baada ya bajeti nyingine, na hayakufika yote. Upande mmoja una mabati, upande mwingine bado ni hema. Naandika kama yalivyo.

Watoto wa kijiji wameshika kilio changu, wanakiigiza wakienda ziwani kuchota maji. Vijana wa pikipiki wakiniona wananiuliza, "Mama, leo nani amekufa?" Nami nimeapa: nikiona tena viti, maua na kwaya, hata jeneza lenyewe likiwa wazi na mtu amelala ndani, nitasimama pembeni, nitauliza jina lake, na nitahakikisha hapumui, ndipo nitoe chozi.

Na onorabule, kila akija kutuelezea mambo ya Bukavu, kabla hajapanda kwenye mikro ananitafuta kwa macho, ananyanyua mkono, anaita kutoka mbali: "Mama Wabiwa, leo niko muzima!"

Nami namjibu, bila mikro, na wote wananisikia: "Tunashukuru Mungu, onorabule. Na ile nusu ya mabati yenye ilibakia, nayo iko muzima?"