Aliyoambiwa Dirisha

Mficha uchi hazai, wasema wahenga, lakini Nyambeki alikuwa amekwisha kuzaa watoto sita, hakuona kwamba methali hiyo bado ilikuwa na neno naye. Kwa hiyo alificha. Alificha mwasho wa huko chini uliomwandama tangu kiangazi hadi masika, mwasho wa kumfanya atue kikapu katikati ya michai na kujifanya anafunga leso. Alificha ukavu. Alificha kwamba mumewe alipomkaribia alihisi kama anachunwa ngozi, na kwamba hamu yenyewe ilikuwa imemhama bila hata kuaga.

Kitu kimoja tu hakikufichika: sisimizi. Kila alipokwenda haja ndogo nyuma ya nyumba yao, kwenye laini, zile safu za nyumba za wachuma chai karibu na Kericho, walikuja hapo kama walioalikwa karamu. Bogonko, mumewe, akawaona. Hakuuliza kitu. Mwanamume aliyekataliwa kitandani hana haja ya kuuliza. Majibu anayo tayari. Alimwita malaya majirani wakisikia, akasema ameokota ugonjwa wa wanaume na hata wadudu wameujua uchafu wake. Tangu siku hiyo Nyambeki alilala jikoni juu ya gunia. Tena akaambiwa kwamba mvua zikiisha atarudishwa kwao Kisii, akawaeleze kaka zake mwenyewe.

Hilo la kaka zake ndilo lililomtoa nyumbani. Akaenda hadi hospitali ya misheni upande wa Sotik. Sista daktari alikuwa mgeni nchini, hajui Kiswahili wala Kikisii, akaita mkalimani. Akaingia Nyamwange, mume wa binti yake Bosibori; kumbe ndiyo kazi aliyoipata.

Jamani! Kwa Wakisii, mkwe na mama mkwe wana chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Hawapeani hata mkono, sembuse kutajiana mambo ya chini ya leso. Nyambeki alitamani ardhi ipasuke immeze. Akasema anaumwa goti. Sista akalibonyezabonyeza hilo goti, ambalo lilikuwa zima kabisa, akampa dawa ya kuchua.

Alikuwa ameshika mlango atoke alipowakumbuka tena kaka zake. Bila kugeuka, akasema neno pekee ambalo mdomo wake ulikubali kulitoa.

"Sisimizi wanafuata pahali naenda haja."

Nyamwange aliinamisha kichwa, akatafsiri. Sista akamrudisha mama kitini. Mkojo ukachukuliwa, ukachemshwa na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya matofali. Kisha sista akasema mengi, na kadiri alivyosema ndivyo kijana alivyozidi kutokwa jasho. Mwishowe alimpa mama mkwe mgongo, akatazama nje walikolishwa ng'ombe wa misheni.

"Mama, mimi naambia dirisha," akasema. "Dirisha, kuna sukari mingi kwa damu, mpaka kwa mkojo, ndiyo sisimizi wanafuata. Hiyo ndiyo inaleta kuwashwa na kukauka, na kukataa mzee. Na damu ya mwezi ikianza kukatika, mwili unakauka zaidi. Hii si ugonjwa ya wanaume. Iko sindano, iko mafuta ya kupaka. Hakuna mtu amekosa."

Nyambeki alilia, na kilio chake hakikuwa cha furaha. Angeyasikia hayo kwa mtu mwingine yeyote angeshukuru. Sista alipotaka kujua mengine, naye akaliambia dirisha yote, macho yake yakiwa sakafuni.

Jioni alimkuta Bogonko jikoni anakunywa chai. Aibu ya mkwe ilikuwa kubwa, lakini hii ilikuwa kongwe zaidi: tangu waoane hawakuwahi kulitaja jambo lile kwa jina lake. Nyambeki alikaa mbele ya mafiga, akampa mgongo.

"Naambia moto," akaanza.

Akauambia moto habari ya sukari, ya mwasho, ya ukavu. Akauambia na lile neno aliloitwa mbele ya majirani. Akaogopa kugeuka.

Bogonko, ambaye matusi hayakuwahi kumpungukia, aliinuka, akaliokota lile gunia pale jikoni, akalikung'uta, akalikunja. Kisha akaketi nalo mapajani, asijue aliweke wapi.