Maua Niliyodhani Nimetandikiwa

Bado nina hasira, na zaidi najikasirikia mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Pate. Nimerudi kutoka Doha na diploma ya hoteli niliyojilipia kwa jasho langu, na sasa ndimi meneja wa hoteli ndogo hapa Kiwayu.

Juzi familia ya Kihindi kutoka Mombasa ilikuja kwetu kusherehekea Diwali. Nyanya yao aliniomba maua ya bustani, akashinda ameinama na wajukuu, wakichora sakafuni mbele ya mlango wao kwa unga wa rangi na petali.

"Ni ya mgeni wa jioni," aliniambia. "Nawe usikose kuja."

Nikajua mgeni ni mimi. Kwetu Pate maua humwagwa chini ili bwana arusi ayakanyage. Nikavaa suti na viatu vya ngozi.

Bi Khadija, mpishi wetu, akanizuia. "Meneja, pita ndia ya nyuma. Hapo hapakanyagwi."

Nikamfokea. "Wewe pika! Mwenye diploma ni nani?"

Laiti angenivuta hata koti! Nikapita katikati ya pambo lile, polepole, nikipunga mkono. Wajukuu wakaangua kilio. Nyanya akavitazama viatu vyangu, vyekundu kwa unga.

"Mgongo wangu umepinda hapa tangu asubuhi," alisema. "Tulikuwa tunamngoja Lakshmi, mungu wetu wa heri. Wewe, baba, nani alikungoja?"