Mtihani wa Kaaha

Kila Qali Ogle alipoingia kwenye kikao cha bodi ya elimu, makarani walikunja nyuso kama watu waliolamba ndimu. Walijua anachokuja kuuliza. Alikuwa muuza maziwa ya ngamia mjini Garissa, mwanamke mrefu asiyejua kusoma hata herufi moja, na hasira yake ilikuwa haipoi. Hakuzaliwa nayo. Alipewa, tena alipewa na watu waliovaa tai.

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, vita vya shifta, waasi wa kaskazini, vimepamba moto. Binti yake Kaaha alikuwa darasa la saba, zimebaki wiki sita tu afanye mtihani. Hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kufika huko, na Qali alikuwa amejinyima mengi ili yeye afike. Ndipo likabandikwa tangazo la kanuni mpya kwenye mlango wa shule. Juma moja baadaye bodi ikaitisha kikao cha wazi, watu wakajazana darasani wamekalia madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu.

Mwenyekiti, bwana mmoja aliyehamishiwa huko kutoka Nairobi, akaisoma kanuni hiyo. Mtoto yeyote ambaye baba yake hatafika mwenyewe kutia sahihi kwamba ni mwaminifu kwa serikali, jina lake litafutwa kwenye orodha ya mtihani. Kanuni imeshapitishwa, akasema, na sasa tusikie maoni ya wananchi.

Imeshapitishwa, halafu maoni. Guleid, mume wa Qali, alikuwa na ngamia upande wa Balambala tangu barabara zifungwe. Akija mjini bila kibali, anakamatwa. Asipokuja, anahesabiwa shifta. Na kibali chenyewe kinatolewa wapi? Mjini.

Qali akasimama, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, ambacho 'p' wakati mwingine hugeuka 'b'. "Bwana Mwenyekiti, mzee wangu iko na ngamia. Akikuja, mnashika yeye. Asibokuja, mnasema ni shifta. Mimi mama ya mtoto niko hapa. Chukua kidole yangu." Akanyoosha kidole gumba mbele ya watu wote.

"Kanuni inasema baba," mwenyekiti akajibu. "Isitoshe, maoni tunapokea kwa maandishi, mama."

Alidhani amemkomesha. Qali akafungua fundo kwenye ncha ya shuka lake, akatoa karatasi. Mwenyekiti akaisoma, kisha akairudia polepole. Barua ilikuwa imenyooka, haina hata neno moja lililokatwa. Iliuliza kwa adabu kwa nini kidole cha mama kinakubalika kwenye kibali cha kuuza maziwa, lakini hakikubaliki kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Nani amekuandikia hii?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. Siku zile swali kama hilo liliweza kumpeleka mtu kizuizini.

"Kaaha ameandika. Uliza maalim."

Bare, mwalimu mkuu, alikuwa ameketi kando ya mwenyekiti akinywa chai ya maziwa yaleyale aliyoleta Qali asubuhi. Akainamia kikombe chake. Qali alimkazia macho mpaka akashindwa kuendelea kunywa.

"Ni mwandiko wake," akasema hatimaye. "Darasani hana mpinzani."

Kwa muda mfupi Qali aliamini ameshinda. Mwenyekiti akaikunja barua, akatabasamu.

"Basi unalalamika nini, mama? Kama binti anaandika hivi, huyo amesoma vya kutosha."

Wajumbe wakacheka. Bare naye akacheka, na kicheko hicho Qali hakukisamehe maisha yake yote.

Aliomba arudishiwe barua. Akaambiwa haiwezekani, imeshaingia kwenye faili na ni mali ya serikali. Basi akaenda moja kwa moja kwenye meza ya chai, akabeba chombo chake cha maziwa, akatoka nacho. Waliobaki walikunywa chai ya rangi.

Kaaha hakuufanya mtihani. Baadaye aliolewa mbali, Kutulo, akawa anawaandikia watu barua zao. Vita vikaisha, kanuni ikafutwa, wenyeviti wakaja na kuondoka, na mama yake hakukosa kikao hata kimoja. Wakifika kwenye maoni ya wananchi, anasimama.

Mwaka mmoja aliletwa mwenyekiti kijana asiyejua kisa hicho. Makarani wakamnong'oneza ampuuze yule mama, yeye akakataa. Akamwuliza kwa upole ana shida gani.

"Mtoto yangu alifanya mtihani hapa, kwa chumba hii," Qali akasema. "Karatasi yake iko kwa faili yenu, mliisoma mara mbili. Mimi nangoja matokeo. Kaaha alibata ngabi?"