Dereva Aliyefungwa Kamba

Mtaani walimwita Masafa, kwa sababu aliendesha malori ya safari ndefu tangu ndevu zake hazijaota sawasawa. Alivuka mipaka mpaka maofisa wa forodha wakamzoea kama shemeji yao, na marehemu mkewe alikuwa akisema ameolewa na honi. Macho yalipoanza kumsumbua aliegesha lori, akahamia kwa binti yake wa pekee, kwenye nyumba yenye ua mpana uliozungushiwa ukuta.

Uani hapo mkwewe alikuwa akifuga kamba wa maji baridi, wale wenye magando kama ya kaa. Matangi ya watoto wao yalipangwa chini ya bati, na pampu ya hewa ikinguruma kutwa. Kisha mkwe akapata kazi ya mkataba mji wa mbali, akaondoka na mkewe.

"Baba, utushikie kidogo tu," binti alisema. "Tukishatulia tunakutafutia mtu."

Masafa alikubali bila kufikiri mara mbili. Vidudu vyenyewe vilikuwa kama punje za mchele. Vingemshinda nini mtu aliyewahi kuteremsha lori la saruji mlimani bila breki?

Vilimshinda. Mtoto wa kamba hali mara moja akashiba kama ng'ombe. Anataka kidogo, mara kwa mara: asubuhi unga uliosagwa laini, adhuhuri mboga iliyochemshwa ikalegea, alasiri unga tena, na giza likianza kuingia mlo mkubwa kuliko yote, maana ndipo wanapochangamka. Ukiwazidishia, mabaki yanaoza na maji yanaharibika. Ukiwachelewesha, wanageukiana wao kwa wao, na wa kwanza kuliwa ni yule aliyetoka kujivua gamba, mwili bado laini kama ute wa yai. Kwa hiyo Masafa afyonze uchafu kwa mpira, alishe, akague waliobaki. Akikaa anywe chai, mlo mwingine umewadia. Waliokua waliuzwa, zikaletwa mbegu, yaani watoto wapya. Mwezi ukaisha, na mwingine, mwaka ukazunguka, na yule mtu wa kutafutwa asionekane. Barabara kuu aliisikia tu nyuma ya ukuta. Malori yalipopanda kilima alijua kwa mlio dereva yupi anabadilisha gia ovyo, naye amechuchumaa na chujio mkononi.

Ndipo mkwe akatuma fundi afunge kamera yenye spika juu ya matangi.

"Ili tuwe tunakuona, Baba," binti alisema. "Tumekukumbuka."

Mwanzoni kamera ilimwamkia tu. Baadaye ikaanza mambo yake: "Baba, tangi la pembeni bado." "Baba, leo umewapa mapema." Masafa akawa havui shati hata jua likiwaka, maana huwezi kujua nani anatazama.

Asubuhi moja honi ililia getini. Alikuwa utingo wake wa zamani, sasa dereva kamili mwenye kitambi.

"Mzee! Bado upo?"

"Nipo. Nalisha."

Akamwonyesha matangi. Jamaa akainama, akatazama, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzee wangu, nchi zote zile hukuwahi kutiwa pingu, leo umefungwa kamba!"

Walicheka wote wawili, ila Masafa aliacha kwanza.

"Panda twende," jamaa akasema. "Nashusha mzigo mji wa jirani tu. Jioni tumerudi."

Masafa alisimama akizungusha kofia mikononi. Halafu akawamwagia watoto unga wa asubuhi, akaongeza wa mchana na wa alasiri juu yake, akijua kabisa anachokifanya. Kofia akaivisha kamera.

Ndani ya lori alishusha kioo, akatoa kiwiko nje. Upepo ulimpiga usoni, akajikuta anapiga mluzi, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu azike mke. Adhuhuri, mji wa jirani ukiwa karibu, simu ikalia.

"Baba, mbona giza? Umeme umekatika?"

"Eeh. Umekatika."

"Jamani, na pampu je? Usihangaike, Baba, nampigia jirani alete jenereta."

Simu ikakatika. Jamaa alikodolea macho barabara kama asiyesikia kitu. Masafa akaona aibu inampanda shingoni. Mtu mzima, anamdanganya mwanawe kama mwanafunzi mtoro.

"Nishushe," akasema.

Alirudi kwa pikipiki, akafika alasiri. Jirani alikuwa amesimama kando ya jenereta isiyo na kazi, kofia ya Masafa mkononi, pampu ikinguruma kama kawaida. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na watoto wengi walielea ubavu.

"Baba," spika ikaita, "ulikuwa wapi?"

"Barabarani."

Alingoja ukali. Angeukaribisha. Lakini binti alisema polepole, "Ungetuambia tu, Baba."

"Niwaambie nini? Mtarudi lini?"

Kisha sauti ya mkwe: "Mkataba umeongezwa, Baba. Na mbegu mpya zinakuja wiki ijayo."

"Sizipokei."

"Sawa, Baba," mkwe akasema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

Wiki iliyofuata msafirishaji aligonga geti. Masafa hakuinuka. Yule akashusha mifuko ya nailoni iliyojaa maji, akaipanga ndani ya geti, akaondoka zake. Masafa alikaa kwenye kiti chake akiitazama. "Shauri yao," akasema kwa sauti, ili kamera isikie.

Jua likapanda, likaifikia mifuko. Ndani yake watoto walikuwa wakihangaika juu na chini. Kisha wakaanza kutulia mmoja mmoja, wakilala chini, na huko kutulia ndiko kulikomtoa kitini. Aliibeba huku akilaani, akaiacha ielee kwenye matangi ili maji yazoeane joto, akangoja, akafungua mifuko, akaiinamisha taratibu.

"Asante sana, Baba," spika ikasema.

Masafa aliingia jikoni kusaga unga.